Muziki wa zamani kwenye televisheni: wa wenzetu tunauona, wa kwetu tunausikia tu. Kwa nini?

Jumapili jioni, kama hakuna mpira, kibanda umiza kimoja pale Dumila, wilayani Kilosa, hugeuka kuwa ukumbi wa zilipendwa. Mwenye kibanda ana flash aliyojaziwa mjini vipindi vya zamani vya muziki wa televisheni. Utawaona Boney M na ABBA wakicheza kwenye studio za Ulaya. Utamwona James Brown akitokwa jasho jukwaani Kinshasa. Utamwona Franco ameketi na gitaa lake, na TPOK Jazz wamejipanga nyuma yake. Mimi na rafiki zangu watatu, dereva bodaboda, mwalimu wa shule ya msingi na muuza pembejeo, huwa hatukosi.

Jumapili moja mzee mmoja fundi cherehani, ambaye naye hakosi, alisubiri wimbo uishe, kisha akasema: "Hawa wote tumeshawaona. Sasa mtuwekee Mbaraka."

Mwenye kibanda akatafuta kwenye simu. Nyimbo za Mbaraka Mwinshehe zilikuwepo nyingi, lakini kila aliyoifungua ilikuwa na picha moja ya mnato, imesimama mwanzo hadi mwisho. Sauti ilikwenda, picha haikwenda. Mzee akasema: "Mimi nilimwona kwa macho yangu Morogoro mjini, nikiwa kijana. Huyu mjukuu wangu atamwonaje?"

Swali hilo nililipeleka hewani wiki iliyofuata, na wengi mliopiga simu mliuliza lile lile kwa maneno tofauti. Kwa nini televisheni inatuonyesha wanamuziki wa zamani wa Ulaya, Marekani na Kongo, lakini wa kwetu tunawasikia tu? Je, hawakupigwa picha? Zilipotea? Nani alaumiwe? Na je, kuna kinachoweza kufanyika leo? Makala haya yanajaribu kujibu.

Jibu kwa ufupi

Kuna sababu tatu. Kwanza, televisheni ilichelewa kufika Tanzania Bara, na ilipofika, miaka mikubwa ya muziki wa dansi ilikuwa imeshapita. Pili, kurekodi peke yake hakutoshi. Hata nchi zilizokuwa na televisheni mapema zilifuta kanda zao nyingi. Tatu, hata kanda ikitunzwa, bila majina, bila karatasi za haki na bila mtu wa kuifungua, hukaa kabatini miaka na miaka.

Hizi sababu mbili za mwisho ndizo zinazotuhusu sisi leo, kwa sababu bado hatujachelewa kuzirekebisha. Sasa tuzipitie moja moja.

Televisheni ilifika lini?

Kenya ilianza matangazo ya televisheni mwaka 1962, kabla hata ya uhuru wake. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi miaka ya mwanzo ya 1970, wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa hazijaiona. Huku Bara tulisubiri. ITV ilianza kurusha matangazo mwaka 1994, na Televisheni ya Taifa ilikuja baadaye kidogo, karibu na mwaka 2000.

Haikuwa kwa kusahau. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona televisheni ni anasa kwa nchi maskini yenye watu wengi vijijini. Iliweka nguvu kwenye redio. Na tukiwa wakweli, uamuzi huo ulikuwa na mantiki yake. Redio moja ya betri ilitosha nyumba kumi, na mkulima wa Gairo aliipata sawa na karani wa Dar es Salaam. Televisheni ya wakati ule ingewafikia wachache wa mijini wenye umeme.

Lakini uamuzi huo ulikuwa na gharama ambayo hatukuiona wakati huo. Tazama miaka hii. Salum Abdallah wa Cuban Marimba, fahari ya Morogoro, alifariki mwaka 1965. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964. Morogoro Jazz ilikwenda Japani mwaka 1970, kwenye Maonyesho ya Dunia ya Osaka, na Mbaraka Mwinshehe akiwa mpiga solo wake. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979, akiwa na miaka 34. Mlimani Park ilianzishwa mwaka 1978. Marijani Rajabu alifariki mwaka 1995, mwaka mmoja tu baada ya televisheni kuanza huku Bara.

Ukihesabu, utaona kwamba muziki wetu wa dansi ulizaliwa, ukakua na ukafika kileleni kabla sebule nyingi za Bara hazijapata skrini.

Muziki huo uliishi wapi? Uliishi redioni. Bendi ziliingia studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD, zikapiga nyimbo zao moja kwa moja, na fundi mitambo akazinasa kwenye kanda kubwa za kuzungusha. Nchi haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri, kwa hiyo bendi iliyotaka santuri yake iuzwe ililazimika kutegemea Nairobi. Ndiyo maana tunazo sauti, na ndiyo maana picha nyingi tulizonazo ni zile za magazetini na kwenye majalada ya santuri. Picha ile ya mnato tuliyoiona kibandani ilitoka huko.

Waliokuwa na televisheni nao walifuta

Hapa pale kibandani mwalimu alidakia: "Basi Wazungu wana bahati, wao wana kila kitu." Hapana. Wana vingi, lakini hawana kila kitu, na habari yao ina funzo.

Uingereza kulikuwa na kipindi maarufu cha muziki kilichoitwa Top of the Pops, cha shirika la BBC. Kilianza tarehe 1 Januari 1964 na kilirushwa kila wiki hadi mwaka 2006. Wanamuziki wakubwa wa pop na roki walipita pale. Tangu mwaka 2011 BBC imekuwa ikivirudia vipindi hivyo, na marafiki na familia wanakaa pamoja kuvitazama kama sisi tunavyofanya Dumila. Lakini marudio hayo yalianzia na vipindi vya mwaka 1976. Hayakuanzia 1964. Sababu ni kwamba vipindi vingi vya miaka ya mwanzo havipo tena.

Vilikwenda wapi? Vilifutwa. Kanda za video za wakati ule zilikuwa ghali sana, na ziliweza kutumika tena. Kipindi kikisharushwa, watu waliona kazi yake imekwisha. Kanda ilichukuliwa na kurekodiwa kitu kingine juu yake. Hakuna aliyekusudia kuharibu historia. Walikuwa wanabana matumizi.

Mifano miwili itatosha. Mwezi Juni 1966 kundi la The Beatles lilifika studio za Top of the Pops na kutumbuiza. Kanda ilifutwa. Mwaka 2019 kilionyeshwa hadharani kipande cha sekunde 11 tu, tena bila sauti. Kipande hicho kilikuwepo kwa sababu siku ile familia moja nyumbani kwake ilielekeza kamera ndogo ya filamu kwenye skrini ya televisheni ikapiga.

Mfano wa pili ni wa David Bowie, aliyepiga wimbo wake The Jean Genie kwenye kipindi hicho Januari 1973. Kanda hiyo nayo ilifutwa. Mwaka 2011 ikajulikana kwamba mpigapicha mmoja wa siku ile, John Henshall, alijitengenezea nakala yake kwa sababu alipenda kazi aliyoifanya na lenzi maalumu. Aliitunza nyumbani karibu miaka 40, bila kujua kwamba ndiyo iliyobaki.

Ndugu msikilizaji, angalia nani aliyeokoa. Shirika kubwa lenye fedha na majengo lilifuta. Waliookoa ni familia moja yenye kamera ndogo, na mfanyakazi mmoja aliyeipenda kazi yake. Tunachokiona leo kwenye televisheni kilibaki kwa sababu kuna mtu hakukitupa, na si lazima kiwe ndicho kilichokuwa bora kuliko vyote vya wakati ule.

Nami nimewahi kufuta

Sina haki ya kuwacheka BBC. Mwaka 2014, nikiwa mgeni kazini katika kituo kimoja cha redio, kompyuta ya studio ilijaa. Tulihitaji nafasi ya matangazo ya biashara. Niliambiwa nipunguze mafaili, nikapunguza. Kati ya nilivyofuta kulikuwa na folda ya mahojiano ya zamani, na ndani yake mahojiano ya karibu saa nzima na mzee aliyepiga gitaa la besi katika bendi moja ya mkoani. Alieleza jinsi walivyosafiri na vyombo juu ya lori la pamba, nani alitunga nini, na nani aliondoka kwa ugomvi gani.

Mzee yule alifariki mwaka uliofuata. Binti yake alikuja kituoni kuomba nakala ili familia iisikilize siku ya arobaini. Sikuwa na cha kumpa. Alinishukuru kwa adabu, akaondoka. Mpaka leo nikikutana naye sokoni ananisalimia vizuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

BBC walifuta kwa sababu kanda ilikuwa ghali. Mimi nilifuta kwa sababu diski ilijaa. Sababu ni ile ile. Wote tulidhani kilichokwisha kurushwa hakina kazi tena.

Kinshasa 1974: kanda zilikuwepo, zikakaa

Sasa tumrudie James Brown wa kwenye flash ya kibandani. Picha zile zilipigwa Kinshasa Septemba 1974, kwenye tamasha la siku tatu lililoitwa Zaire 74. Lilipangwa liende pamoja na pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman aliumia mazoezini, pambano likasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba, lakini muziki uliendelea kama ulivyopangwa. Walipanda jukwaani James Brown, B.B. King, Bill Withers, Celia Cruz na Miriam Makeba, pamoja na wenyeji Franco na Tabu Ley.

Kamera zilikuwa nyingi na filamu zilikuwa nzuri. Hata hivyo watu walisubiri. Filamu ya When We Were Kings, inayohusu zaidi pambano, ilitoka mwaka 1996, zaidi ya miaka 20 baadaye, kwa sababu ya mivutano ya fedha na ya kisheria. Filamu ya Soul Power, inayohusu tamasha lenyewe, ilitoka mwaka 2008. Na albamu ya wasanii wa Kiafrika wa tamasha lile ilitoka mwaka 2017. Franco hakuiona. Alifariki Oktoba 1989.

Kwa hiyo kutunza ni hatua ya kwanza tu. Lazima pia ijulikane kanda ni ya nani, nani ana haki ya kuitoa, na nani atalipwa. Hayo yasipoandikwa mapema, wazee watakufa wakisubiri.

Wimbo mmoja, majina mengi

Kuna kipande kingine kibandani ambacho hutufanya wote tunyamaze. Ni Boney M wakiimba Malaika kwa Kiswahili. Boney M lilikuwa kundi lililoundwa Ujerumani, na waliurekodi wimbo huo mwaka 1981. Kabla yao Miriam Makeba alishausambaza duniani kote.

Lakini Malaika ulianzia Afrika Mashariki. Fadhili William wa Kenya aliurekodi Nairobi karibu na mwaka 1960, na kwa muda mrefu yeye ndiye aliyeandikwa kuwa mtunzi. Wapo wengine waliodai, na anayetajwa sana ni Adam Salim, aliyesema aliutunga mwaka 1945. Fadhili William alifariki mwaka 2001, na ubishi haukufa naye.

Kwa nini haukuisha? Kwa sababu wimbo ulipoanza kuimbwa, hakuna aliyeandika jina, tarehe na mahali kwa namna ambayo kila mmoja angeikubali. Wimbo ulipogeuka kuwa wa fedha, kila mtu alikuja na kumbukumbu yake. Bodaboda wetu alilisema vizuri: "Ni kama shamba lisilo na mpaka. Likiwa pori, hakuna mwenyewe. Likilimwa mahindi yakastawi, wenyewe wanakuwa saba."

Hali ya kanda zetu

Kanda za RTD zilirithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC. Ndizo zinazotupa zilipendwa tunazosikia. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, mradi wa Tanzania Heritage Project ulianzisha kampeni ya kuchangisha fedha ili kanda hizo zihamishiwe kwenye kompyuta kabla hazijaharibika.

Haraka hiyo ina sababu. Kanda ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku kwa gundi. Joto na unyevu huilegeza gundi. Ukungu huota. Utepe huanza kunata, na ukiulazimisha kuzunguka, unga unabanduka na sauti inabanduka nao. Kuna na tatizo la mashine. Mashine za kusomea kanda kubwa hazitengenezwi kwa wingi kama zamani, vipuri vyake ni adimu, na mafundi wanaozijua wanastaafu. Kanda inaweza kuwa nzima, lakini ikakosa pa kuchezwa.

Kuna tatizo jingine la kwetu zaidi. Bendi nyingi za wakati ule hazikuwa mali ya wanamuziki. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Polisi Jazz ilikuwa ya jeshi la polisi. Taasisi ndiyo iliyonunua vyombo na kulipa mishahara. Leo baadhi ya taasisi hizo zimebadilika jina au zimekufa. Ukitaka kuutoa wimbo wa bendi kama hizo kihalali, unamwomba nani? Familia ya mtunzi? Chama? Shirika la utangazaji lililorekodi?

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Maana yake, nyimbo alizozitunga Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki 1979, zinalindwa mpaka 2029. Anayeziweka mtandaoni leo na picha ya mnato na kuvuna fedha za matangazo, bila kibali cha warithi, anavuna shamba la watu. Warithi wa watunzi wanaweza kudai, na pa kuanzia ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Lakini kudai kunahitaji ushahidi, na hapo tunarudi pale pale: nani alitunga, lini, na nani alishuhudia?

Je, hili ni jambo la kutumia fedha?

Wapo wasikilizaji waliopinga, na hoja yao ni nzito. Mmoja kutoka Mvomero alisema: "Zahanati yetu haina dawa, nyie mnazungumzia kanda za muziki." Simlaumu. Kama fedha ni moja, dawa kwanza.

Lakini sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji utaratibu. Redio za mikoani, ikiwemo yetu, zinaweza kuweka sheria moja: hakuna kufuta mahojiano ya mzee yeyote bila nakala kuwekwa pembeni. Diski ya nje ya kuhifadhia saa nyingi za mahojiano ni gharama ambayo kituo kinaimudu. Halmashauri zina maofisa utamaduni, na mmoja wao akipewa daftari na kinasa sauti anaweza kuorodhesha wanamuziki wazee wa wilaya nzima. TBC, kama mtunzaji wa kanda za taifa, inaweza kuchapisha orodha ya ilivyo navyo: jina la wimbo, bendi, mwaka. Orodha tu. Familia zikijua kilichopo, zitajua cha kuuliza.

Na kuna faida ya fedha pia. Vipindi vya zamani vya Ulaya na Kinshasa vinauzwa hadi leo. Wetu hauuziki kwa sababu haujapangwa, wala si kwa sababu haupendwi.

Unachoweza kufanya wewe mwenye simu

Sehemu nyingine ya hazina hii iko kwenye masanduku ya nyumbani kwenu, kwenye kaseti zilizorekodiwa redioni au kwenye madansi, na kwenye picha za harusi ambazo bendi ilipiga. Haya hapa ya kufanya.

Zuia kaseti isifutwe. Mgongoni mwa kaseti, upande usioonyesha utepe, kuna vipande viwili vidogo vya plastiki, kimoja kila kona. Vivunje. Baada ya hapo redio kaseti haiwezi kurekodi juu yake.

Iangalie kabla ya kuipiga. Ukiona ukungu mweupe kwenye utepe, usiipige, utaharibu na mashine. Kama ni safi, ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe nyuma mara moja, ndipo uicheze. Safisha kichwa cha redio kaseti kwa pamba yenye spiriti kidogo.

Toa nakala kwa simu. Chagua chumba kitulivu. Weka simu juu ya kitambaa karibu na spika, na uzime mtandao ili isipigwe katikati. Jaribu dakika moja kwanza usikilize kama sauti haikwaruzi. Kisha rekodi upande mzima bila kusimamisha. Mwanzoni sema kwa sauti yako: kaseti hii ni ya nani, ilirekodiwa wapi na mwaka gani, kama unaujua.

Ukituma kwa WhatsApp, itume kama faili la nyaraka. Ukiicheza tena ili uirekodi kama ujumbe wa sauti, ubora utapungua sana.

Picha ziandikwe majina. Tumia penseli, nyuma ya picha, usikandamize. Andika nani yuko kushoto, nani kulia, wapi, lini. Wino wa kalamu hupenya na kuharibu.

Usitupe kaseti yenyewe baada ya kutoa nakala. Iweke mahali pakavu, mbali na jua, mbali na spika kubwa, kwa sababu spika ina sumaku.

Na la mwisho, ambalo naliona kubwa kuliko yote: tazameni pamoja na wazee. Kipindi cha zamani kwenye televisheni kinaleta picha, lakini wanaokaa nawe kwenye benchi ndio wanaoleta majina. Nimeona mzee aliyekaa kimya mwaka mzima akifunguka kwa sababu ya gitaa moja alilolisikia. Hapo ndipo simu inapotakiwa kuwa tayari. Mwombe ruhusa, bonyeza kurekodi, mwache aseme.

Jumapili iliyopita

Fundi cherehani alirudi kibandani na bahasha. Ndani yake kulikuwa na picha moja nyeusi na nyeupe, imekatika pembe. Vijana wanne wamesimama na magitaa mbele ya ukuta wa udongo, suruali pana chini. Mmoja ni yeye. Kumbe mzee wetu aliwahi kupiga gitaa la rithimu kwa miaka miwili, na hakuwahi kutuambia.

Mwenye kibanda alizima televisheni. Mwalimu alichukua penseli. Mzee alitaja jina la kwanza, kijiji na mwaka: 1976. Akataja la pili. Akataja la tatu, kwamba huyo alihamia Ifakara na huenda bado yupo. Alipofika kwa wa nne, mwenye kofia, alifikiri kwa muda mrefu, kisha akatikisa kichwa.

Mjukuu wake alikuwa ameshika simu na kurekodi yote, dakika 22. Nakala mbili zipo, moja kwao na moja kituoni.

Jina la wa nne bado hatulijui. Picha tumeiweka kwenye ukurasa wetu kwa ruhusa ya mzee. Kama unamtambua kijana mwenye kofia, au ni baba yako au babu yako, tupigie wakati wa kipindi cha zilipendwa Jumamosi saa mbili usiku. Na kama una kaseti au picha, njoo nayo kituoni siku ya kazi yoyote. Tutatoa nakala mbele yako na utaondoka na mali yako siku hiyo hiyo.